Kumaliza Shahada ya Kwanza ya Anthropolojia: Panga Masomo Yako Kuanzia Mwisho

Wanafunzi wengi wa anthropolojia wanaochelewa kuhitimu hawakufeli mtihani wowote. Wamefaulu kila kozi waliyosoma, ila ipo moja waliyoiruka kwa sababu hutolewa mwaka mmoja na kupumzishwa mwaka unaofuata. Au tasnifu yao imekaa miezi ikingoja kibali cha maadili, yaani idhini ya chuo ya kufanya utafiti juu ya watu. Au kozi waliyodhani imejaza nafasi mbili imehesabiwa mara moja tu. Masharti ya shahada hii si magumu yakitazamwa moja moja. Shida ni kwamba yamefungamana: tasnifu haianzi bila kibali, kibali hakiombwi bila swali la utafiti, swali haliandikiki vizuri bila kozi ya mbinu, na kozi ya mbinu nayo ina kozi zinazoitangulia. Anayepanga kuanzia mwaka wa kwanza kwenda mbele hugundua mafundo haya akiwa amechelewa. Anayeanzia siku ya kuwasilisha tasnifu na kurudi nyuma huyaona yote mapema.

Hatua ya 1: Shika waraka wa masharti wa mwaka ulioandikishwa

Kila mwaka chuo hutoa kitabu cha mwongozo wa masomo, na humo idara ya anthropolojia huwa na kurasa zake chache. Hizo ndizo mkataba wako. Kwa kawaida unafungwa na masharti ya mwaka ulioandikishwa, hata idara ikiyabadilisha baadaye. Vyuo vingine hukuruhusu kuhamia masharti mapya ukiona yanakufaa, lakini huwezi kuchukua nusu ya haya na nusu ya yale. Pakua kurasa hizo uzihifadhi, maana tovuti ya chuo ikisasishwa za zamani hupotea, na siku ya kubishana na ofisi ya msajili utatakiwa kuonyesha maandishi.

Usitegemee maelezo ya mwenzako wa mwaka wa juu, hata akiwa hodari namna gani. Huenda aliingia kwa masharti mengine.

Unaposoma, usiishie kwenye orodha ya kozi za lazima. Tafuta alama ya chini inayokubalika ndani ya somo kuu, kwa sababu mara nyingi iko juu ya alama ya kufaulu tu: unaweza kufaulu kozi na isihesabiwe kwenye anthropolojia. Tafuta ni krediti ngapi zinatakiwa ziwe za ngazi ya juu. Tafuta pia sharti la krediti zinazopaswa kusomwa chuoni hapo hapo, ambalo huwanasa waliohama chuo au waliokwenda kusoma nchi nyingine kwa muhula mmoja.

Hatua ya 2: Elewa shahada yako imegawanywaje

Mfumo wa nchi unakosoma ndio unaoamua utakwama wapi. Marekani shahada ya kwanza huwa na krediti 120 hivi za mihula, lakini anthropolojia yenyewe huchukua takriban theluthi moja au pungufu yake. Zilizobaki ni elimu ya jumla (hisabati, sayansi, uandishi, mara nyingi na lugha ya kigeni) na kozi za hiari. Uingereza hesabu ni nyingine: krediti 360 kwa miaka 3, 120 kila mwaka, na mwanafunzi huzama kwenye somo lake tangu wiki ya kwanza. Huko Uskoti miaka ni 4 na krediti ni 480. Vyuo vingi vya bara la Ulaya hutumia krediti za mfumo wa Bologna, yaani mfumo wa pamoja wa elimu ya juu wa Ulaya, 60 kwa mwaka, na shahada ya kwanza huwa na 180 au 240. Kila krediti hapo huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, pamoja na saa unazosoma peke yako.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Marekani hukwamishwa mara nyingi na kitu kisichohusu anthropolojia kabisa: muhula wa pili wa lugha, au kozi ya takwimu aliyoikimbia kwa miaka mitatu. Wa Uingereza hana mtego huo, ila alama za miaka ya mwisho ndizo zinazoamua daraja la shahada yake, kwa hiyo akilegea mwaka wa pili hana kozi nyepesi za pembeni za kumwinua.

Ipo tofauti nyingine, ya ndani ya taaluma. Marekani idara nyingi bado zinafuata mgawanyo uliopewa nguvu na Franz Boas na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Columbia: anthropolojia ya utamaduni, ya kibiolojia, ya lugha, na akiolojia. Ukisoma huko utagusa matawi yote manne hata kama moyo wako uko kwenye moja. Uingereza akiolojia mara nyingi ni idara nyingine, na shahada huitwa anthropolojia ya kijamii. Waraka wako ukitaja kozi moja kutoka kila tawi, usihesabu kozi mbili za utamaduni kuwa zimeziba pengo la anthropolojia ya kibiolojia.

Hatua ya 3: Maliza kozi za utangulizi ndani ya mwaka wa kwanza na nusu

Hatua hii ni fupi, na haina ujanja. Kozi za utangulizi ndizo funguo za nyingine zote, basi zisome mwanzoni, hata zile usizozipenda.

Anthropolojia ya kibiolojia huwatisha waliokuja kwa ajili ya mila na hadithi. Utajifunza mifupa 206 ya mtu mzima na kutambua upande wa kulia na wa kushoto kwa kuushika mfupa mkononi. Utajifunza chembe za urithi (jeni), nyani, na visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) kama Lucy, aliyepatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, mwenye umri wa takriban miaka milioni 3.2. Kozi hii mara nyingi ina maabara yenye krediti yake, na maabara hiyo huweza pia kujaza sharti la sayansi katika elimu ya jumla. Uliza kabla ya kujiandikisha. Idara nyingine huruhusu kozi moja ihesabiwe pande mbili, nyingine zinakataa, na jibu la mdomo halitoshi. Omba barua pepe.

Takwimu isome hapa hapa, mwaka wa pili ukianza. Watu huiahirisha kwa imani kwamba anthropolojia ni somo la maneno, kisha wanajikuta na data ya mifupa, ya vigae au ya hojaji, na hawajui waifanyeje.

Hatua ya 4: Nadharia isikufike pamoja na tasnifu

Karibu kila idara ina kozi ya lazima ya historia na nadharia za anthropolojia. Ina usomaji mwingi, na mara nyingi hutolewa muhula mmoja tu kwa mwaka. Ukiikosa muhula wake, umesubiri mwaka mzima. Ipange mwaka mmoja kamili kabla ya tasnifu, si muhula mmoja nayo. Sababu si wingi wa kazi tu. Tasnifu inahitaji nadharia iliyokwisha kutulia kichwani, na anayezisoma zote mbili pamoja huishia kubandika jina la mwananadharia wa wiki ile juu ya data isiyomhusu.

Utapita kwa Edward Tylor, ambaye mwaka 1871 alitoa fasili ya utamaduni inayonukuliwa mpaka leo na ambaye alizipanga jamii kwenye ngazi ya maendeleo. Kwa Boas, aliyeivunja ngazi hiyo. Kwa Bronisław Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuufanya ukaaji wa muda mrefu uwe kipimo cha kazi. Kisha kwa wananadharia Radcliffe-Brown, Lévi-Strauss, Geertz, na ukosoaji mkali wa miaka ya 1980 juu ya nani ana haki ya kumwandika nani. Swali hilo la mwisho lina mizizi ya zamani kuliko silabasi nyingi zinavyoonyesha. Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski pale London School of Economics, na mwaka 1938 akachapisha andiko lake juu ya watu wake mwenyewe, Wagikuyu. Zora Neale Hurston alipata shahada ya kwanza chuo cha Barnard mwaka 1928, akasoma kwa Boas, na akakusanya masimulizi ya Waamerika weusi wa Florida alikokulia. Mhadhiri wako asipowataja, watafute mwenyewe. Wanakupa mahali pa kusimama ikiwa unakusudia kuandika juu ya jamii uliyotoka.

Wasomaji wengi wa kozi hii hukariri nani alisema nini. Wanaofaulu vizuri hufanya jambo jingine: kwa kila andiko wanaandika mstari mmoja wa swali alilokuwa akijibu mwandishi, na mstari mmoja wa nani alikuwa akibishana naye. Nadharia za anthropolojia ni ugomvi mrefu, na ukishajua nani anamjibu nani, mtihani hauhitaji kukariri sana.

Hatua ya 5: Kozi ya mbinu, na kazi ya uwandani

Hapa ndipo shahada hii inapoachana na za sayansi nyingine za jamii, na hapa ndipo ningependa mwanafunzi atumie muda wake zaidi ya popote.

Kama njia yako ni akiolojia, idara nyingi zitakutaka uhudhurie mafunzo ya uchimbaji, ambayo mara nyingi huchukua wiki nne hadi nane wakati wa likizo ndefu. Utapimiwa mraba, utachimba tabaka kwa tabaka, mara nyingi sentimita 10 kwa wakati ukiwa huoni mpaka wa asili kati ya udongo na udongo, utachekecha kila ndoo, na kila kitu kitaandikwa kilikotoka kabla hakijaondolewa. Mafunzo haya yana ada yake mbali na ada ya chuo, na nafasi hujaa mapema. Ulizia mwaka mzima kabla, pamoja na misaada ya fedha, na hakikisha kwa maandishi kwamba krediti zake zitahamia kwenye shahada yako kama mafunzo yanaendeshwa na chuo kingine.

Kama njia yako ni utamaduni au jamii, utafundishwa uchunguzi shirikishi (kushiriki maisha ya watu huku ukiyatazama), mahojiano, na uchoraji wa chati za ukoo: pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya sawasawa kwa ndoa, mstari wa kushuka kwa watoto. Chati inaonekana kama mchezo mpaka umketishe mtu mmoja na kumwuliza juu ya ndugu zake. Ndani ya saa moja utajua nani hatajwi, na hilo pekee ni data.

Ujuzi unaopimwa kuliko wote ni daftari la uwandani. Mwanafunzi anayeanza huandika hivi: "Watu walikuwa na furaha, mkutano ulikwenda vizuri." Sentensi hiyo haina kazi yoyote, kwa sababu miezi mitatu baadaye hutajua ulichokiona. Anayejua huandika: "Saa 4:10. Mwenyekiti anasema ada itapanda. Kimya. Wanaume wawili wa nyuma wanatazamana. Mwanamke mwenye kitambaa cha kijani anacheka kidogo, anageukia dirishani. Hakuna anayenyoosha mkono. Mwenyekiti anasema basi tumekubaliana." Maana iandike kando, ukurasa wa upande wa pili, ikiwa na tarehe yake, ili kesho uweze kubadili mawazo bila kuharibu ulichokiona. Charaza maelezo yako siku hiyo hiyo kabla ya kulala. Kumbukumbu ya maneno ya watu haivumilii usiku mmoja.

Mahojiano nayo yana gharama ambayo wanafunzi hawaihesabu. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa humchukua anayeanza saa nne hadi sita kuinukuu neno kwa neno, na zaidi kama watu wanaongea kwa pamoja au wanachanganya lugha. Mahojiano ishirini ya saa moja, basi, ni wiki kadhaa za kazi kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya uchambuzi. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza, mahojiano manane yaliyofanywa vizuri na kusomwa mara tatu yatakufikisha mbali kuliko ishirini yaliyosomwa mara moja.

Hatua ya 6: Swali kwanza, kisha kibali cha maadili

Utafiti wowote unaohusu watu walio hai unaweza kuhitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo, na kamati haitoi kibali kwa kazi iliyokwisha kufanywa. Ukihoji watu kabla ya barua kutoka, data hiyo huwezi kuitumia, hata kama wahojiwa wenyewe walifurahi. Sheria hii haina huruma. Chimbuko lake ni historia ya utafiti uliowadhuru watu. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 huko Marekani ilizaliwa humo, na misingi yake mitatu, yaani kumheshimu mtu, kumtendea mema na kutenda haki, bado ndiyo mifupa ya fomu nyingi utakazojaza.

Kamati hukwama kwenye maombi yenye swali pana. "Utamaduni na afya hospitalini" ni mada ya maktaba nzima. Libane: ni nani hasa, wapi, wakifanya nini? Walinzi wa mlangoni. Wanaamuaje nani aingie wodini baada ya saa ya kutazama wagonjwa kuisha? Sasa una watu unaoweza kuwataja, mahali unapoweza kukaa, na tendo unaloweza kuliona kwa macho. Na kamati inaona mara moja hatari iko wapi: mlinzi anaweza kupoteza kazi msimamizi wake akisoma alichokuambia. Eleza utakavyoficha jina lake, zamu yake, hata jengo.

Mbali na swali, utaambatanisha maelezo ya utafiti kwa lugha ambayo mhojiwa anaielewa, fomu ya ridhaa, orodha ya maswali, na mpango wa kuhifadhi rekodi: zitakaa wapi, nani atazifungua, zitafutwa lini. Mahali ambapo kutia sahihi kunamtia mtu hofu au hakuna maana kwake, omba ridhaa ya mdomo na ueleze kwa nini. Kamati nyingi zinalijua jambo hilo na zinalikubali. Watoto, wagonjwa na wafungwa hupitiwa kwa uangalifu zaidi, na hiyo maana yake ni muda zaidi. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, maoni yangu ni kwamba awaepuke isipokuwa msimamizi wake ana uzoefu nao. Kama utafiti utafanyika nchi nyingine au ndani ya taasisi, tarajia kutakiwa kibali cha pili cha huko, na cha pili hakitolewi siku moja na cha kwanza.

Peleka maombi angalau muhula mmoja kabla ya tarehe unayotaka kuanza. Karibu kila ombi hurudishwa mara moja likiwa na marekebisho.

Hatua ya 7: Tasnifu, au kinachochukua nafasi yake

Soma tena waraka wako, kwa sababu si kila idara inataka tasnifu kutoka kwa kila mtu. Nyingi zinatoa semina ya mwisho yenye andiko refu, na tasnifu ni ya wanaotafuta shahada yenye sifa ya ziada ya kitaaluma (honours). Zipo pia zinazokubali filamu, maonyesho au ripoti ya maabara. Semina si njia ya waliozembea. Kama huna nia ya kuendelea na shahada ya uzamili na huna mada inayokukereketa, semina itakuachia nafasi ya kusoma kozi mbili nzuri zaidi.

Ukichagua tasnifu, chagua msimamizi kwa ratiba yake kabla ya umaarufu wake. Wanaanthropolojia huenda uwandani, na mhadhiri aliye likizo ya utafiti mwaka wako wa mwisho atakujibu akipata mtandao. Mwulize waziwazi kama atakuwepo, anasoma rasimu kwa muda gani, na anataka zimfikie sura kwa sura au kwa pamoja.

Kuandika kwenyewe, anza na sura ya data. Mapitio ya maandiko yakitangulia huvimba, kwa kuwa bado hujui unahitaji nini. Chukua tukio moja kutoka kwenye daftari lako, liandike lote kwa kurasa tatu, kisha jiulize ni nadharia ipi inalifanya lieleweke zaidi ya linavyojieleza lenyewe. Zilizobaki ziache nje, hata kama ulizisoma kwa taabu.

Hatua ya 8: Hesabu ya mwisho na fomu ya kuhitimu

Muhula mmoja kabla ya ule wa mwisho, kaa na mshauri wa masomo mkiwa na rekodi yako ya matokeo na ule waraka wa hatua ya kwanza, mpitie kozi moja baada ya nyingine. Usingoje muhula wa mwisho wenyewe, maana hapo pengo likionekana hakuna muda wa kulijaza. Kila kozi iliyobadilishwa kwa nyingine iwe na barua ya idara kwenye faili la msajili, kwa kuwa mkuu wa idara aliyekukubalia anaweza kuwa ameshaondoka.

Kisha jaza fomu ya kuomba kuhitimu. Vyuo vingi haviwahitimishi watu vyenyewe. Lazima uombe, na tarehe ya mwisho hufika miezi kabla ya mahafali. Lipa madeni, rudisha vitabu vya maktaba na vifaa vya kurekodia, na angalia jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Kwa waliofanya utafiti kuna karatasi moja zaidi ambayo ofisi ya mahafali haitakukumbusha: taarifa ya kufunga utafiti kwa kamati ya maadili. Itume, weka kwenye kalenda tarehe uliyoahidi kufuta rekodi, na uwapelekee waliokupa muda wao muhtasari wa ulichokipata, kwa lugha yao, kabla hujahama.